Panya Asiye na Kichwa Mlangoni: Hujarogwa, Paka Wako Ndiye Aliyepita

Bibi mmoja wa Ngamiani alifika kliniki yetu ya wanyama hapa Tanga hata kabla hatujamaliza kufagia. Mkononi alishika gazeti lililokunjwa kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba mayai. Shikamoo, marahaba, akalifungua juu ya meza. Ndani panya mwili mzima, kichwa hana.

"Dokta, leo asubuhi ya tatu. Nafungua mlango nitie udhu niswali, nakuta kitu kiko palepale kwenye kizingiti. Majirani wanasema kuna mtu ananitupia."

Tukamgeuza panya kwa koleo. Manyoya ya mgongoni yalikuwa yameloa mate, na karibu na bega palikuwa na vitundu viwili vidogo vya meno, vimekaa sambamba. Tukamuuliza kama anafuga paka. Akasema anaye, paka jike, tangu mwaka jana, "lakini yule mpole, hata vifaranga vya jirani havigusi." Basi kesi ikawa imekwisha. Huyo mpole ndiye mshitakiwa.

Tumeamua kuandika haya kwa sababu bibi si wa kwanza. Kila mwezi huja mtu na hadithi ya namna hii: mjusi kafiri kitandani, mkia bado unarukaruka peke yake, kinda la kunguru sebuleni huku kunguru wazima wanapiga kelele darini kutwa nzima, panya hai aliyeachiwa chini ya kochi. Wengine wanacheka. Wengine wanampiga paka. Wachache, kama bibi, wanakosa usingizi.

Kuhusu kichwa kwanza, maana ndicho kinachotisha. Paka akiua kiumbe kidogo huanza kula kichwani, akiongozwa na ulalo wa manyoya, na kwa njia hiyo nyama hushuka bila kukwama kooni. Akishiba hapohapo, kiwiliwili kinabaki. Hakuna zaidi ya hilo.

Sasa swali linalotuletea ubishi mkubwa zaidi. Watu wengi hapa mjini wanaamini paka aliyeshiba hawindi, kwa hiyo wanampunguzia chakula makusudi ili asafishe nyumba. "Nikimpa samaki kila siku atanifanyia kazi gani?" Tunaisikia kauli hii kila wiki, na kila wiki tunaipinga. Njaa huongeza hamu ya kuwinda, hilo ni kweli, lakini uwindaji hausubiri njaa. Mwaka 1976 mtafiti Robert Adamec aliwapa paka chakula wanachokipenda sana, kisha wakiwa katikati ya kula akawaachia panya. Paka waliacha chakula, wakamuua panya, halafu wakarudi kuendelea na kile chakula kizuri. Panya mwenyewe hawakuhangaika kumla.

Ukimtazama paka kama mwindaji mdogo anayejitafutia, jambo hili linaeleweka. Paka wa kilo 4 akiishi kwa panya wadogo tu, anahitaji kama 8 hadi 10 kwa siku, na mara nyingi anavizia akakosa. Akingoja tumbo liungurume ndipo aanze kutafuta, jua litazama hajapata kitu. Kwa hiyo kinachomwamsha ni mchakacho kwenye majani makavu au kivuli kinachopita kasi ukutani, hata kama ametoka kulamba sahani sasa hivi. Ndivyo walivyo nduguze paka-pori wa Afrika, ambao mpaka leo wanaishi mbugani kwetu. Ukoo huohuo ndio uliozaa paka wa nyumbani, huko Mashariki ya Kati, watu walipoanza kuweka nafaka ghalani: panya wakafuata nafaka, paka wakafuata panya. Katika kisiwa cha Cyprus limechimbuliwa kaburi la miaka ipatayo 9,500 ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu. Hakuna aliyemfundisha paka kazi hii, na kwa kumfokea huwezi kumfanya aisahau.

Ila kwa nini alete ndani? Maelezo yanayopendwa na wengi ni kwamba anakuletea zawadi, au anakufundisha kuwinda kwa kuwa anakuona hujui. Yana chanzo cha kweli. Paka mwenye watoto huwaletea mawindo yaliyokufa, kisha yaliyo nusu hai, kisha yanayotembea kabisa, mpaka watoto wajue kuua wenyewe. Mimi binafsi naona tumeipamba hadithi hii kupita kiasi. Madume waliohasiwa nao huleta. Majike wasiowahi kuzaa huleta. Na paka anayeishi uani bila mtu wa kumfundisha, naye hubeba windo lake akalipeleka pembeni anapopajua. Ninachokiona ni chepesi zaidi: mtaani kuna mbwa, kuna paka wengine, kuna watoto wenye mawe. Mwenye mali huipeleka mahali salama. Kwake mahali salama ni kwako, na akifika anakuta bakuli lina kitu kitamu zaidi, windo linatupwa chini.

Tena unachokiona mlangoni si chote. Huko Georgia, Marekani, watafiti waliwafunga kamera shingoni paka 55 wa majumbani, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Paka 44 kati ya kila 100 walikuwa wanawinda, na katika mawindo waliyoyapata, chini kidogo ya robo tu ndiyo yaliyofikishwa nyumbani. Mengine yaliliwa hukohuko, na karibu nusu yaliachwa palepale yalipofia. Kwa hiyo bibi wa Ngamiani, kwa panya wake watatu, huenda paka alikuwa na kazi kubwa kuliko alivyojua.

Kwa anayemfuga paka kama mtego, neno la ukweli. Paka ni hodari kwa panya wadogo na panya wachanga. Kwa panya wakubwa wa mitaroni, hapana. Utafiti uliofanyika New York na kutolewa mwaka 2018 uliangalia paka waliozoea kuzurura kwenye kituo cha taka chenye panya wengi: kwa siku 79 za kurekodi walionekana wakiua panya wawili tu. Panya walijificha zaidi, basi. Na panya buku, ambaye anaweza kupita kilo moja, paka wako atampisha njia. Ziba matundu, funika mapipa, toa magunia ya unga sakafuni. Paka atasaidia kwa waliobaki.

Jambo ambalo ningetaka kila mteja alishike ni sumu. Nyumba yenye paka anayewinda haipaswi kuwa na sumu ya panya, na mwambie jirani pia, kwa sababu panya aliyeilia kwake atakufa kwako. Zile pakiti ndogo zisizo na lebo zinazotembezwa mitaani ndizo zinazotuumiza kichwa zaidi, maana hatujui ndani mna nini. Sumu zipo za namna nyingi. Ziko zinazozuia damu kuganda: paka anaonekana mzima siku mbili, tatu, hata tano, kisha ananyong'onyea, fizi zinakuwa nyeupe, anatoka damu puani au kwenye mkojo. Hiyo tukiiwahi tunaitibu kwa vitamini K1, na dawa inaendelea kwa wiki kadhaa. Ziko zinazoshambulia mishipa ya fahamu: udenda mwingi, kutetemeka, mboni za macho kuwa ndogo, degedege, yote ndani ya dakika au saa chache. Hapo usipoteze muda kumnywesha maziwa wala mafuta ya kula. Mfunge kwenye kanga au taulo, njoo naye, na kama pakiti ipo, njoo nayo.

Magonjwa mengine hayana haraka hiyo lakini yapo. Panya humwachia paka minyoo ya tegu. Ukiona vipande vyeupe kama punje za wali vimeganda chini ya mkia, ni tegu pia, ingawa hao mara nyingi wametoka kwa viroboto. Paka mwindaji tunampa dawa ya minyoo kila mwezi hadi miezi mitatu, kulingana na anavyoleta. Viroboto navyo tunavidhibiti, na wenyeji wa Lushoto, walioijua tauni tangu miaka ya 1980, hawahitaji kuelezwa panya na viroboto vinaweza kuleta nini. Mama mjamzito asishike kinyesi cha paka, kwa ajili ya toksoplasma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Vijidudu vyake huhitaji siku moja au zaidi nje kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza, hivyo mtu mwingine akitoa mchanga anaojisaidia paka kila siku hatari inapungua sana. Windo lenyewe ulitoe kwa glavu au mfuko, ulifukie, upanguse sakafu kwa sabuni. Kuhusu msala uliopitiwa na mzoga, wateja hutuuliza, nasi huwaelekeza kwa sheikh wao.

Je, anaweza kupunguza? Anaweza. Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, kilifuatilia paka 355 na kutoa matokeo mwaka 2021. Waliopewa chakula chenye nyama nyingi kisicho na nafaka walileta mawindo pungufu kwa asilimia 36. Waliochezeshwa dakika 5 hadi 10 kila siku, pungufu kwa asilimia 25. Kengele ya shingoni haikuonyesha tofauti ya maana. Hapa ndipo ugali unapoingia. Bakuli linaweza kujaa ugali na mchuzi wa dagaa, tumbo likajaa, na mwili bado ukadai nyama. Si lazima ununue mifuko ya dukani. Vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kutolewa miiba, firigisi, utumbo wa kuku ulioiva, dagaa wenyewe badala ya mchuzi wao. Maini kidogo tu, si kila siku. Na jioni, unyoya uliofungwa kwenye kamba, mvute sakafuni mpaka achoke, umalizie kwa kumlisha.

Kwa wanaotaka kutuletea paka mwindaji: tunampima uzito, tunaangalia meno na fizi, tunampa dawa ya minyoo na viroboto, tunamchanja kichaa cha mbwa, na ukitaka tunamfunga kizazi. Aje kwenye kapu lenye mfuniko, si mikononi kwenye bodaboda.

Paka wa bibi alikuwa na kilo 2 na nusu, mbavu zinahesabika. Alikuwa akila ugali na maziwa. Baada ya wiki tano bibi alipita tena, safari hii bila gazeti. "Panya sijamwona tena," akasema. "Sasa ananiletea mijusi. Jana kaniwekea mmoja ndani ya kiatu."