Miche ya nchi za barafu haitufai, tupande mikilua yetu

Assalamu alaykum Mhariri, naomba nafasi kidogo. Siku hizi kwenye magrupu ya wasapu yanazunguka matangazo ya miche na mbegu za kigeni, na sasa umeingia huu wanaouita betula kibeti, pichani majani mekundu kama shaba, basi watu wanaulizana bei tu. Jamani ulizeni kwanza unatoka wapi!

Hiyo betula kibeti, kitaalamu Betula nana, ni kichaka cha kaskazini kabisa, Greenland, Iceland, Norway mpaka milima ya Scotland, aghalabu hakizidi sana mita 1 na majani yake ni viduara vidogo, mengi hayafiki hata sentimita 2. Kwao hakina tabu, wanakipanda kwenye jua, udongo wa tindikali usiokauka, mbolea hakidai wala hakitaki kukatwakatwa, ila lazima kipate miezi ya baridi kali kipukutishe majani kilale, ndo kiamke na nguvu zake. Huo wekundu wa pichani ndo majani yanakaribia kuanguka. Sasa sisi hata kipupwe cha Julai bado tunalala madirisha wazi, hicho kitalala saa ngapi? Na huko Micheweni au Makunduchi ardhi ni mawe ya matumbawe, chokaa tupu, kinyume cha hiyo tindikali, na maji ya kisima nayo yana chokaa, utamwagilia asubuhi na jioni na bado kitakufa, pesa imekwenda.

Anaetaka kichaka kifupi uwani apande mhina, ukishashika mizizi, jua hauliogopi na kila ukiukata unachipua zaidi. Au asumini, chimba shimo, tia samadi iliyooza, mwagilia sana siku za mwanzo, na maua yakesha kata matawi mana maua yanatoka kwenye machipukizi mapya, asokata anabaki na majani matupu. Mwenye udongo wa kinongo, ule wenye rutuba, na kivuli kidogo atafute mkilua, huo mimi naupenda kuliko yote, unakua polepole lakini ukitoa maua harufu yake hakuna mfano, na inaniuma kuona viunga vya zamani vinakatwa kujengwa nyumba na mikilua inaondoka humohumo.

Ombi langu Mhariri, tupeni japo kona moja kwa wiki ya bustani, wazee wanaojua kuotesha mkilua bado wapo, muwafuate muwaulize.

Msomaji wenu,
Chake Chake, Pemba