Mackenzie hakuifungua njia ya mafuta ya samaki

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tusahihishe jambo katika makala yenu ya wavumbuzi. Mliandika kwamba Alexander Mackenzie "alifungua njia" kuvuka milima ya magharibi mwa Kanada hadi Bahari ya Pasifiki mwaka 1793. Hakuifungua. Aliongozwa na wenyeji katika njia iliyokwisha kukanyagwa vizazi na vizazi na wachukuzi wa mafuta ya samaki, akateremkia bonde la Bella Coola, kwa Wanuxalk. Sisi wa Ugogo hatuhitaji kuelezwa sana: Stanley alipopita hapa mwaka 1871 alikuta njia ya misafara, visima, na watemi wa kumtoza hongo, yaani ushuru wa kupita.

Kwa nini mafuta yazae njia? Jibu limo chunguni.

Samaki huyo, yulakoni, ni mwembamba, urefu wake sentimita 15 hadi 20. Hupanda mitoni kutaga mwishoni mwa majira ya baridi, akiba za chakula zikiwa zimekwisha. Ana mafuta kiasi kwamba akikaushwa huwaka kama mshumaa.

Hapikwi akiwa mbichi. Hulundikwa shimoni au kwenye kasha la mbao siku kadhaa, pengine wiki mbili, kutegemea baridi, mpaka nyama ilegee. Ukiharakisha, mafuta hayaachii nyama. Ukichelewa, huwa meusi na makali mdomoni. Kisha hutiwa katika tangi la maji ya moto, ambayo zamani yalipashwa kwa mawe yaliyotolewa motoni. Hapa ndipo kazi huharibika: maji hayatakiwi kutokota. Yakitokota, nyama husambaratika na kujichanganya na mafuta, ukabaki na uji usiochujika. Hukorogwa polepole, samaki wapasuke, mafuta yapande yenyewe, yatulie, ndipo yaenguliwe.

Yaliyoenguliwa bado yana maji, kwa hiyo huchujwa na kupashwa tena. Mama wa Kigogo anayetengeneza samli anaijua hatua hii: siagi hukaa motoni mpaka ule mlio wa maji unyamaze, kwani maji yakibaki samli huchacha. Mafuta ya yulakoni yaliyokaushwa vizuri huganda kwenye baridi yakawa kama samli, na hukaa miezi mingi bila kuharibika.

Yakiganda, yanabebeka. Yalijazwa katika makasha ya mwerezi, pande zote nne zikiwa ubao mmoja uliokunjwa kwa mvuke na kushonwa kwenye pembe moja tu, yakabebwa mgongoni kwa ukanda wa kichwani. Kutoka bara zilirudi ngozi, manyoya na matunda makavu. Wahaida, ambao visiwa vyao havina mto wa samaki hao, walivuka bahari kwa mitumbwi kuyafuata Mto Nass, kwa Wanisga'a. Ni kama chumvi ya Uvinza kwetu: aliyekosa alikwenda, hata kama ni mbali.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 yulakoni waliacha kupanda Mto Bella Coola kwa wingi, na hawajarudi kama zamani. Wavuvi wa kamba baharini wananyooshewa kidole, kwa kuwa nyavu zao huwazoa pia. Hilo nalo halikuwamo katika makala yenu.

Mkiichapa tena, tunaomba njia hiyo itajwe kwa jina lake: Njia ya Mafuta.

Walimu wa historia,
Dodoma