Asante wewe uliyeanza na mchoro

Jina lako silijui, ndugu yangu, ila shukrani hizi nataka zisomwe na wengi.

Swali la fizikia lilinishinda kabisa, la kutafuta mchapuko (kasi inavyoongezeka kila sekunde) na mvutano wa kamba: kilo 4 mezani, kilo 2 zinaning'inia, kamba imepita kwenye kapi, na meza ina msuguano. Majibu niliyoyaona yote yaliruka hatua.

Hukunipa jibu. Ulinitaka nichore kila tungamo peke yake, na mishale ya kani zinazoligusa tu. Ukaniuliza mwendo unaelekea wapi, ndipo msuguano ukapata upande wake: kinyume. Tukichukua g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, kuwa 10 na kizidishi cha msuguano 0.2, msuguano ukawa 0.2 × 40 = 8. T ikiwa mvutano wa kamba na a mchapuko, linaloning'inia likatupa 20 − T = 2a, la mezani T − 8 = 4a. Kujumlisha kukaiondoa T: 12 = 6a, mchapuko ni 2 m/s². Mvutano wa kamba, nyutoni 16.

Kisha ukaeleza kwa subira kwa nini si 20: kamba ingevuta kwa 20, tungamo lile lisingeongeza kasi kushuka. Hapo nilikuvulia kofia.

Mnaoyajua haya, mkiulizwa, tafadhali anzeni na mchoro kama yeye.