Nyanya ni tunda, lakini neno "mboga" ndilo linalotuponza

Mhariri,

Ubishi wa nyanya kuwa tunda au mboga hauishi magazetini wala kwenye vijiwe vya masoko ya Majengo na Sabasaba hapa Dodoma. Mmoja anashikilia la mwalimu, mwingine la mama yake jikoni. Wote wako sahihi, ila wanajibu maswali mawili tofauti: wa kwanza anasema hiki ni kiungo gani cha mmea, wa pili anasema kinaliwaje. Mahakama ya Juu ya Marekani iliwahi kuletewa shauri hilohilo kwa ajili ya ushuru wa forodha. Mwaka 1893 ikakubali kwamba kwa elimu ya mimea nyanya ni tunda, lakini ikaamua itozwe kama mboga kwa sababu watu huila pamoja na chakula chenyewe, si baada ya kula.

Shambani, tunda ni ovari ya ua, yaani kile kifuko chake cha mbegu, iliyovimba na kubeba mbegu. Kwa kipimo hicho, nyanya, bilinganya, nyanya chungu, bamia, tango, pilipili hoho, boga na tikiti maji ni matunda, na ganda la maharage mabichi nalo ni tunda. Mboga si kiungo cha mmea. Mchicha ni jani, karoti ni mzizi, kitunguu ni majani yaliyonenepa yakafumbatana. Kiazi kitamu ni mzizi, ila kiazi mviringo ni shina. Hata bibo la korosho, ambalo kule Manyoni huliwa kama tunda, ni kikonyo kilichovimba tu. Tunda halisi ni ile korosho yenye ganda inayoning'inia chini yake.

Anayetaka kuona kwa macho asimame kwenye shamba la maboga asubuhi, maua yakiwa wazi. Ua dume limekaa juu ya kikonyo chembamba kitupu. Ua jike lina kiboga kidogo nyuma yake, saizi ya gololi, kimeshaumbika. Nyuki wasipolifikia ua hilo na chavua ya ua dume asubuhi hiyohiyo, mchana linafunga, na baada ya siku chache kiboga kinageuka njano na kudondoka. Wakilifikia wachache, boga linakua upande mmoja na kupinda. Mkulima akiona vile hudhani ni ugonjwa, anapiga dawa asubuhi iliyofuata na kuwamaliza nyuki waliobaki. Dawa ya wadudu kwenye maboga, matango na matikiti ipigwe jioni, maua yakishafunga. Mmea huohuo unatupa na majani yake, na hayo ni mboga isiyohitaji nyuki hata mmoja.

Hapo ndipo tofauti inapogusa mfuko. Anayelima jani anataka naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani: samadi iliyooza vizuri, ndoo ya lita 20 kwa tuta la mita 2 za mraba, kisha maji ya kutosha, na mchicha unang'olewa wiki ya tatu au ya nne kabla haujatoa ua. Ukishatoa ua, shina linakuwa gumu na jani linapungua utamu. Anayelima tunda akifuata utaratibu huohuo atapata nyanya yenye majani ya kupendeza na maua machache. Naitrojeni ikizidi, mmea unajijenga wenyewe na kusahau kuzaa.

Nyanya ina jambo jingine linalowatoa watu machozi hapa kwetu, kwenye jua kali na maji ya kubahatisha. Tunda likiwa bado bichi, kitakoni panatokea doa la majimaji, linageuka kahawia, kisha jeusi na gumu kama ngozi iliyokauka. Watu hununua dawa ya ukungu. Dawa hiyo haisaidii, maana huo si ukungu, ni tunda kukosa madini ya kalsiamu. Kalsiamu husafiri na maji ndani ya mmea, na jani linalopoteza maji mengi juani hujivutia sehemu kubwa. Tunda, hasa kitako chake, hupata kidogo. Shamba likikaa kavu siku nne halafu likagharikishwa, kitako ndicho kinachokufa. Tiba ni kumwagilia kidogo kidogo bila kuruka, kutandaza nyasi kavu kuzunguka mashina, na kupunguza mbolea ya kukuzia.

Sokoni nako kuna mgawanyo ambao tungependa uandikwe zaidi kuliko ule ubishi wa majina. Yako matunda yanayoendelea kuiva baada ya kuchumwa: embe, ndizi, papai, parachichi na nyanya. Yako yasiyoiva tena: zabibu, tikiti maji, machungwa, bilinganya, matango. Kwa hiyo nyanya inayosafirishwa mbali ichumwe ikianza tu kubadilika rangi, nayo itafika nzima. Zabibu ikikatwa mapema itafika na uchachu wake, na siku haziiongezei sukari. Asiye na kifaa cha kupimia sukari apasue punje chache kutoka sehemu mbalimbali za kichala: mbegu zikiwa bado kijani, asubiri, zikiwa kahawia, akate. Akate asubuhi kwa mkasi, ashike kikonyo, asipapase punje, kwa sababu ile nta nyeupe juu ya ganda ndiyo inayozuia zabibu isikauke upesi.

Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na jani halivumilii gesi hiyo. Mchicha, figiri au sukuma wiki ikilazwa jirani na ndizi mbivu inageuka njano mapema, hata ikinyunyiziwa maji kila saa. Matango nayo yanapata manjano. Kwenye meza moja ya genge, ndizi, mapapai na maembe yakae mwisho wa upande mmoja, majani mwisho wa upande wa pili, na katikati vikae vitunguu na viazi.

Sasa lile neno. Katika Kiswahili chetu "mboga" ni chochote kinachoteremsha ugali. Ukiuliza "leo mboga nini?" utajibiwa dagaa, maharage au nyama, na jibu ni sahihi. Gazeti linapoandika "kula mboga kwa wingi", mwenye dagaa sahanini anaona ameshatimiza. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mbogamboga kwa siku, bila kuhesabu viazi wala mihogo. Dagaa ni chakula kizuri sana, lakini hawamo kwenye gramu hizo.

Tunaomba, Mhariri, habari za lishe ziandike "mboga za majani" pale majani yanapokusudiwa, na "mbogamboga" pale karoti, bamia na nyanya zinapoingia. Pia zisiishie kwenye majina ya vyakula. Mlenda uliokaushwa, kwa mfano, ungepewa hata mistari mitatu: majani yaanikwe kivulini penye upepo, juu ya kichanja, maana jua kali huharibu vitamini A, yamekauka yakivunjika mkononi, kilo 10 za majani mabichi hubaki kama kilo 1. Wakati wa kupika, magadi yawe kidogo sana, kwa kuwa yanaua vitamini C. Juisi ya ubuyu isiyochemshwa, ikinywewa pamoja na mlo huo, hurudisha vitamini hiyo na kuusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye majani.

Wasomaji wenu, wakulima wa bustani,
Dodoma