Salim, niulizie baba kuhusu springi

Salim ndugu yangu,

Assalam alaykum. Najua nimekaa kimya tangu Idd, na salamu zako alizobeba Mama Rukia zilinifika. Sisi hatujambo, watoto wanasoma, baridi ya Pennsylvania imeshaanza kuuma. Nisamehe nikikatisha salamu, kuna jambo limenikaa rohoni na wa kunisaidia ni wewe, au hasa baba yako.

Yule mzee ninayemhudumia, niliyekutumia picha yake akila wali wa nazi, ana bastola ya baruti nyeusi. Inashindiliwa kama gobore: baruti, risasi, kisha fataki ya kuwashia kwa nyuma. Imeundwa Italia, lakini umbo ni lile la Colt, bastola ya Kimarekani ya 1851, ya vyumba sita, na silinda imechorwa merikebu zikipigana, vita vya Texas na Mexico vya 1843. Mikono yake sasa inatetemeka, hata bisibisi haishiki. Mjukuu wake anakuja Novemba na mzee anataka kumkabidhi bastola ikiwa nzima. Akaniambia mimi nina mikono ya fundi. Nilikubali kwa sababu ya ile miaka kwenye kibanda cha saa cha baba yako, pale Marikiti.

Ndani mna springi bapa, fupi kuliko kidole, iliyopasuliwa ikawa na miguu miwili, na skrubu moja tu ndiyo inaishika. Mguu mmoja unasukuma kifyatulio. Wa pili unainua kijino kinachoingia kwenye vishimo vya silinda ili chumba kisimame sawa na mtutu. Huo wa pili ndio uliokatika. Ukivuta nyundo, silinda inapitiliza.

Tulinunua springi mbili mpya. Ya kwanza ilikuwa ngumu mno, nikaipunguza unene kwa tupa. Nikapiga tupa kwa kukingama, Salim! Nilipoifunga na kuvuta nyundo mara ya nne, tak! Nikaitazama kwa lenzi: imekatikia palepale kwenye mkwaruzo wa tupa. Baba alitukataza hilo mara ngapi? Kwa urefu, kwa urefu, kisha msasa mpaka ing'are. Mzee hakusema neno. Alivichukua vile vipande viwili akaviweka kwenye kisahani cha chai, na mpaka leo vipo pale mezani.

Ya pili sikuigusa, niliifunga vilevile. Silinda inasimama vizuri, ila kijino kinasukumwa kwa nguvu mno. Jioni moja tu ya kuijaribu, bila baruti wala fataki, na tayari mstari mwembamba umezunguka silinda nzima, nyuma kidogo ya zile merikebu. Nimeusugua kwa mafuta, hautoki. Mzee anaupitisha kidole, anaupitisha tena. Nimeifungua springi, nimeiweka kando.

Wapo wanaonishauri nikunje waya wa feleji badala ya bapa, kwamba haukatiki upesi. Huenda ni kweli. Lakini mzee anaitaka kama ilivyokuwa, nami niko upande wake. Hata ile springi kubwa ya nyundo alinikataza kuipunguza, ingawa ingemrahisishia kuvuta. Ikilegea, mlipuko unairudisha nyundo nyuma, vipande vya fataki vinadondoka ndani na bastola inakwama. Kwa hiyo kubwa ibaki na nguvu zake, hii ndogo ndiyo nataka iwe laini.

Nimepata kipande cha feleji. Kukichonga naweza. Kukitia maji, yaani kukikaza kwa moto, ndiko ninakokuogopa. Nakumbuka unakipasha mpaka kiwe chekundu, unakizamisha kwenye mafuta, hapo kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama kigae. Kisha unakipasha tena taratibu mpaka kiwe buluu, nyuzi 300 za Selsiasi hivi. Baba alikuwa akilaza mishale ya saa kwenye kibati chenye unga wa shaba, juu ya moto mdogo. Njano, kahawia, zambarau, halafu buluu ghafla, na keshaiondoa kabla sisi hatujaona chochote. Laiti ningalimuuliza wakati ule.

Basi niulizie sasa. Aliiondoa buluu ilipoanza au ilipokolea? Kwa kitu kinene kuliko mshale wa saa, unga wa shaba unatosha, au nikichemshe ndani ya mafuta? Mguu wa kijino niupunguze kabla ya kuutia maji au baada? Na huo mstari kwenye silinda, yeye angeugusa au angeuacha? Macho yake bado yanamruhusu kukaa kibandani? Na wewe, ile safari ya Tanga imeishia wapi? Bakari alikulipa?

Kama baba hawezi kuandika, mrekodi sauti kwenye simu, hata akinigombeza. Mjukuu anafika wiki ya tatu ya Novemba, na kile kisahani nakiona kila asubuhi ninapomtilia mzee chai.

Ndugu yako,
Athumani