Kwa wajukuu zangu wa Kampasi ya Mazimbu

Wajukuu zangu,

Marahaba. Hoja yenu imenifikia, tena kwa zaidi ya kinywa kimoja. Mnasema mnyonge asiye na ndege wala vifaru haulizwi anampiga nani. Mnasema raia wa upande wa pili ndio wanaolipa kodi inayonunua mabomu, kwa hiyo hakuna raia asiye na hatia. Na hayo mnayasema mkiwa kwenye kampasi yenye jina la Solomon Mahlangu. Nikaona niwaandikie.

Mahlangu, mpiganaji wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, alinyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, kijana wa miaka 22. Hilo mnalijua. Mnalolipita mbio ni kisa chenyewe. Juni 13, 1977 yeye na mwenzake Mondy Motloung walikimbizwa na polisi hadi kwenye jengo moja la Goch Street, Johannesburg, na humo wakauawa wanaume wawili, raia. Aliyefyatua risasi ni Motloung. Mahakama yenyewe ilikubali. Lakini Motloung alikuwa amepigwa mpaka akili ikaharibika, hakuweza kushtakiwa, basi makaburu wakamnyonga aliyekuwepo. Hiyo ilikuwa dhuluma mchana kweupe. Wale raia wawili nao walikufa, na heshima yangu kwa Mahlangu haipungui hata chembe nikiwataja.

Msinione mtu wa pembeni anayewahubiria subira walioonewa. Wapigania uhuru walikuwa na kambi yao Kongwa, ANC ilifanya mkutano wake mkubwa hapa Morogoro mwaka 1969, na shamba la mkonge la Mazimbu tuliwapa wakajenga shule. Tuliwajua, na tulijua kilichowaleta. Sharpeville mwaka 1960 polisi waliua watu 69. Maseru, mji mkuu wa Lesotho, Desemba 1982, makomando wa makaburu waliingia usiku wakaua watu 42, kumi na wawili wao Wabasotho wenyeji. Yule aliyekuwa na dola, mahakama na jeshi la anga aliua zaidi, tena kwa mipango iliyogharamiwa na serikali. Mizani hiyo siwaombi mwisawazishe.

Ila angalieni hao wanyonge wenyewe walifanya nini. Tarehe 28 Novemba 1980 Oliver Tambo, rais wa ANC, alikwenda Geneva, kwa Msalaba Mwekundu, akatia saini kwamba ANC itafuata Mikataba ya Geneva, sheria za kuwalinda raia vitani, na Itifaki ya mwaka 1977, ile iliyozitambua vita dhidi ya ukoloni na ubaguzi wa rangi. Serikali ya makaburu, yenye ndege zake zote, iliikataa itifaki hiyo. Asiye na kitu ndiye aliyekubali kufungwa mikono. Hakuona kwamba unyonge unampa ruhusa.

Je, ANC iliitimiza ahadi? Si mara zote. Mwaka 1983 bomu la Church Street, Pretoria, lililolengwa kwa jeshi la anga, liliua watu 19, wakiwemo wawili waliolibeba. Desemba 1985 kijana wa ANC wa miaka 19, Andrew Zondo, alitega bomu kwenye maduka ya Amanzimtoti kulipiza shambulio jingine la Lesotho. Watu watano walikufa, watoto wakiwemo. Aliiambia mahakama kwamba alitaka kupiga simu ya kuonya akakuta simu zina watu. Halafu kuna mabomu ya ardhini kwenye barabara za mashamba ya Transvaal. Hayo yalikuwa yakiwaua hata vibarua weusi, na ANC ikaamua kuyaacha. Hapo napenda mkae kidogo. Makaburu walikuwa bado madarakani, Mandela bado yuko jela, hakuna aliyewalazimisha. Waliacha.

Sasa hiyo hoja ya kodi. Mweusi wa Soweto naye alilipa kodi kwa makaburu. Kwa hesabu yenu naye alikuwa halali kuuawa. Na hoja hiyo hamkuizua nyinyi. Desemba 1972 askari wa Wareno waliingia Wiriyamu, mkoani Tete, Msumbiji, wakaua mamia ya wanakijiji, wanawake kwa watoto, kwa madai kwamba wanawahifadhi FRELIMO, wapigania uhuru wa huko. Kwao pia hakukuwa na raia asiye na hatia. Mnapoichukua kauli hiyo mkampa mnyonge mnayempenda, mmemvika gwanda la aliyemchinjia wazazi wake. Kesho mtamlaumuje mwenye ndege akiwarudishia maneno hayo hayo?

Kuna jambo ambalo wengi hupenda kulificha. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, iliyochunguza maovu ya enzi ya ubaguzi wa rangi, ilisema wazi kwamba vita ya ANC ilikuwa ya haki, na papo hapo ikasema baadhi ya vitendo vya wapiganaji wake vilikuwa ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu. ANC, ikiwa tayari Ikulu, ilikwenda mahakamani Oktoba 1998 kuizuia ripoti. Ikashindwa. Askofu Tutu, mwenyekiti wa Tume hiyo, ambaye hakuna awezaye kumwita kibaraka wa makaburu, alisimama upande wa ripoti kutoka kama ilivyo.

Isomeni kabla ya mdahalo wenu, hasa sehemu ya wapigania uhuru, msiishie kurasa za makaburu. Mkinialika nitakuja, ingawa magoti yanasumbua. Na atakayesimama kutetea hoja ya kodi ajiandae, nitaanza na yeye.

Babu yenu,
Morogoro