Mashine ya kufulia haili umeme kwa kuzunguka, inakula kwa kuchemsha maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kitu kuhusu mashine za kufulia maana siku hizi ziko nyumba nyingi hapa Dar na kila mtu analia na LUKU, umeme wa kulipia kabla, na bado nikikaa na majirani naona wengi tunabonyeza programu kwa kukisia tu. Kuna imani kwamba programu ndefu ndo inakula umeme, kwa hiyo mtu akiona imeandikwa Eco 40-60 na saa tatu na nusu anaikimbia, anaweka ya haraka kwa nyuzi 60 anaona ameokoa. Jamani si kweli! Motor ya kuzungusha pipa inakula kidogo sana, mlaji mkubwa ni ile hita ya ndani inayochemsha maji, nyingi ni kama wati 2000 hivi.

Fanyeni jaribio, zima pasi, friji, feni, kila kitu, washa mashine kwa nyuzi 60 halafu kasimame kwenye mita uangalie ile taa nyekundu ndogo. Maji yakianza kupashwa inapepesa haraka haraka, yakishapata moto utaona inawaka mara moja, kimyaa, unasubiri mpaka iwake tena, na hapo nguo bado zinazunguka.

Maji ya tenki letu la juu ya bati yana nyuzi 28 hivi tayari, tena mchana wa jua ni zaidi. Kwa hiyo ukiweka 30 hita karibu haina kazi, ila kupandisha lita 15 kutoka 28 mpaka 60 ni zaidi ya nusu uniti kwa maji peke yake, na ukienda 90 ni uniti moja na kitu. Kwa aliye kwenye kundi la bei nafuu, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, hiyo si hela ndogo, akifua mara kwa mara anavuka anaanza kununua uniti kwa bei ya juu. Hiyo Eco yenyewe inachukua muda kwa sababu inafua kwa maji yasiyo ya moto sana, inayaacha maji na sabuni vifanye kazi taratibu.

Sisemi 60 isitumike kabisa, nepi za mtoto, mashuka ya mgonjwa na taulo zinataka moto. Lakini kanga na vitenge vya nini kuchemshwa, rangi ndo inaondoka hiyo. Shati jeupe la shule kola ikiwa nyeusi paka mche wa sabuni usugue kidogo kwanza, afu litie na nguo nyingine maji ya baridi.

Na sabuni, tafadhali, ile ya unga ya kufulia kwa mikono inatoa povu jingi mno, mashine nyingi zikihisi povu zinaongeza kusuuza, maji yanaenda na muda unaenda, wenye maji ya boza wananielewa. Tafuteni iliyoandikwa ya mashine na msimwage kikombe kizima. Nguo jaza vizuri ila kiganja kipite juu yake. Wenye mashine zinazokausha humohumo hicho kitufe kiacheni kwa wiki za masika mvua isipokatika, siku nyingine kamueni kwa spidi ya juu muanike, kamba haina LUKU.

Ninachoomba kwa wauzaji wa Kariakoo na kwingineko, mnapomuuzia mtu mashine ya laki kadhaa mpeni na karatasi moja ya Kiswahili inayosema kila programu inapasha maji mpaka nyuzi ngapi na inabeba kilo ngapi, maana vile vitabu mara Kichina mara Kijerumani, na dada wa nyumbani ndo anayebonyeza kila siku lakini hakuna aliyemuelekeza.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam